Mchezo Ambao Kocha Trammell Alichelewa Kuuita

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mashamba ya pamba, na Ozell Trammell anafungua mlango wa basi la shule kwenye kituo cha kwanza. Hasalimii. Anatazama miguu.

Mvulana wa kwanza anaruka ngazi mbili kwa mpigo. Wa pili anashika chuma cha mlangoni na kujivuta juu taratibu.

"Goti?" Trammell anauliza.

"Halina kitu, Kocha."

"Sijauliza kama lina kitu. Nimeuliza kama ni goti."

"Ni goti."

"Haya, kaa mbele unyooshe mguu."

Basi linapofika shuleni, kocha amekwishafuta michezo miwili kati ya ile aliyopanga kwa mechi ya Ijumaa. "Yule hawezi kukata kona kwenda kulia wiki hii," ananiambia mimi, mwandishi niliyepanda naye, huku akizima injini. "Basi na sisi hatuendi kulia."

Trammell ana umri wa miaka hamsini na tisa. Kwa zaidi ya miaka ishirini amekuwa kocha wa futiboli wa shule ya sekondari ya Pruitt, mji mdogo wa Delta ya Mississippi ambao kila mwaka unazidi kuwa mdogo. Asubuhi ni dereva wa basi, mchana ni mwalimu wa somo la afya, jioni ni kocha. Ukocha unamwongezea dola elfu tatu na kidogo kwa msimu, na sehemu kubwa inaishia kwenye mikate na siagi ya karanga kwa ajili ya vijana wanaofika mazoezini bila kutia kitu tumboni.

Mwaka huu ana wachezaji kumi na sita. Timu anazokutana nazo huja na hamsini, nyingine sitini.

"Wenzangu wanabadilisha wachezaji kama wanavyobadilisha shati," anasema. "Mimi ninaoanza nao ndio ninaomaliza nao. Wanashambulia, wanalinda, wanapiga teke, kisha wanarudi kushambulia. Ikifika robo ya tatu ya mechi, hata kama una simba, ni simba aliyechoka."

Katika futiboli ya Kimarekani, timu hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi kumi. Kabla ya kila jaribio kocha huita mchezo: ama mpira ubebwe na mkimbiaji, ama urushwe mbele kwa mdakaji. Kocha mwenye wachezaji wengi huita anachokitaka. Trammell huita anachokiweza mtoto aliye mbele yake.

Vijana wake hutembea kwenda kwenye mstari pole pole, saa ya uwanjani ikiwa inakwenda, ili mechi iwe fupi. Mashabiki wa ugenini huwazomea.

"Wacha wazomee," anasema. "Dakika tunayotembea ni dakika ambayo hakuna anayemgonga mwanangu."

Pale ambapo mlinzi wa upinzani ana nguvu kuliko kijana wake, hamwambii kijana apambane naye kifua kwa kifua. Anamwacha mlinzi apite kana kwamba wamemsahau, halafu kijana mwingine anamjia kwa ubavuni. Pale ambapo mmoja hatoshi, anaweka wawili.

Na kwa sababu baadhi yao husahau namba, hata majina ya michezo ameyabadilisha. Timu nyingine hutumia tarakimu na rangi. Pruitt hutumia vituo vya basi. "Kwa Bi Odessa" ni kwenda kulia, kwa sababu basi hukata kulia mbele ya nyumba ya Bi Odessa. "Kanisani" ni kushoto. "Darajani" ni katikati, moja kwa moja, hakuna kona. Hakuna mtoto wa Pruitt asiyeijua njia ile.

Mchezo mmoja tu ulipewa jina la mahali ambapo basi halifiki. Uliitwa Memphis, jiji lililo mbali kaskazini. Ulikuwa mtupo mrefu.

Memphis ulihitaji ukuta, yaani wale vijana wazito wanaosimama mbele ya mrushaji, uzuie mpaka mtu ahesabu nne. Ukuta wa Pruitt ulikuwa unazuia mpaka mbili. Upande wa kushoto, ambao mrushaji anaupa mgongo, alisimama Demond Fair, kijana mnene, mpole, mwenye pumu, ambaye wenzake humwita Biskuti.

Mwaka jana, katika mechi ya kwanza ya msimu, Trammell aliuita Memphis. Demond alipitwa. Mrushaji, Keyon Battle, aligongwa mgongoni akiwa ameinua mkono, akaanguka na hakuinuka.

Hospitali ya wilaya ilikuwa imefungwa tangu miaka mitatu nyuma. Gari la wagonjwa lilitoka wilaya ya jirani. Uwanja mzima ulisubiri ukimtazama mtoto aliyelala nyasini, na mama yake amemshika kidole cha mguu kwa sababu waliambiwa wasimguse kwingine.

"Nilikuwa nimepiga magoti pembeni yake," Trammell anasimulia. "Ananiuliza, 'Kocha, niliutupa?' Namwambia, uliutupa, mwanangu. Hakuutupa. Mpira ulikuwa chini ya tumbo lake."

Keyon alipona. Ulikuwa mtikiso wa ubongo na mbavu mbili, na baada ya wiki sita alirudi. Lakini Trammell aliufuta Memphis, na tangu siku ile Pruitt hawakurusha mpira zaidi ya yadi chache.

Watu wa mji hawakumwacha. Kwa kinyozi, alipokuwa ameinamisha kichwa, mzee mmoja alimwuliza kutoka kiti cha pili, "Kocha, mpira wenu una mimba? Mbona hauruki?"

"Njoo Ijumaa," Trammell akamjibu bila kuinua kichwa. "Huenda mpira ukajifungua."

Watu walicheka. Mtu mmoja hakucheka.

Huyo alikuwa Marquell Stokes, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Urefu wake ulikuwa futi sita na inchi tatu, miguu mirefu, mikono ambayo hata walimu waliizungumzia. Kipaji chake kilikuwa kimoja: kudaka mpira wa mbali ulioko juu ya vichwa vya watu. Na timu yake ilikuwa haimrushii.

Mama yake, Latrice Stokes, anafanya kazi ya kuwahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wasiojiweza. Alimlea Marquell peke yake. Alikuwa na tumaini moja tu la kumwona akisoma chuo, nalo lilikuwa ile mikono. Siku moja ya Septemba alimsubiri kocha kwenye maegesho ya kanisa baada ya ibada.

"Kocha Trammell, nina neno."

"Sema, Bi Latrice."

"Mwanangu anakimbia uwanja mzima kila Ijumaa, anarudi mikono mitupu. Anakimbia kama mtu aliyetumwa dukani halafu hakupewa hela."

"Anawavuta walinzi wawili. Hiyo inatusaidia—"

"Inawasaidia nyinyi. Yeye inamsaidia nini?"

Trammell alitazama magari yakitoka maegeshoni.

"Mwezi ujao kuna mtu wa chuo anakuja kumtazama," mama akaendelea. "Haji kutazama mtu anayevuta walinzi. Mrushieni mpira."

"Ukuta wangu hausimami, Bi Latrice. Ulimwona Keyon."

"Nilimwona. Nilikuwa nimemshika mama yake." Alifunga kifungo cha koti lake. "Sikuombi uue mtoto wa mtu. Nakuomba usimzike wangu akiwa hai."

Alipanda gari akaondoka. Trammell anasema wiki ile hakula vizuri. Mkewe, Verlene, alimpakulia maharage na mkate wa mahindi, akaviondoa mezani vikiwa havijaguswa.

Mtafutaji wa vipaji alikuja kweli, Ijumaa ya pili ya Oktoba. Alikaa safu ya juu, peke yake, amevaa koti la rangi za chuo, na mfuko wa karanga za kuchemsha magotini. Kila mtu alimjua ni nani. Marquell alimtazama mara moja tu wakati wa kupasha mwili, kisha hakugeuka tena.

Robo ya kwanza Trammell aliita Darajani, Kanisani, Kwa Bi Odessa. Robo ya pili vilevile. Wapinzani walikuwa wazito, na Demond alikuwa akirudi kutoka kila jaribio ameshika kiuno, mdomo wazi.

Wakati wa mapumziko, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, Marquell alimfuata kocha hadi kwenye ndoo ya maji.

"Kocha, mara moja tu."

"Siwezi, mwanangu."

"Sikuombi tushinde. Niite mara moja."

"Nikikuita wewe, namwita na Keyon. Unamwona Biskuti anavyohema?"

Marquell alimtazama Demond, aliyekuwa amekaa sakafuni na kifaa chake cha pumu mdomoni. Akarudi kwenye benchi lake na kujifunika taulo.

Robo ya nne ilianza Pruitt wakiwa nyuma kwa mabao matatu. Hapo ndipo Demond mwenyewe alipokuja pembeni ya uwanja. Kocha alifikiri anaomba kupumzishwa.

"Ita Memphis, Kocha," Demond alisema. "Nitamshika."

"Utamshika na nini? Huna pumzi."

"Nitamlalia."

Trammell anaukumbuka uso wake. "Alikuwa hajisifu. Alikuwa ananipa alichonacho. Mtoto ananiambia, siwezi kusimama, lakini naweza kuanguka mahali utakapo. Nikajiuliza, kwa nini sikuwahi kufikiri hivyo? Nilikuwa nimeshikilia kwamba Memphis lazima ukuta usimame. Nani alisema lazima usimame?"

Aliwaita vijana, akawapangia pale pale. Wote wangeondoka kama wanakwenda Kwa Bi Odessa, ukuta mzima ukiteleza kulia, na Keyon akikimbia nyuma yao. Demond asingejaribu kumzuia mtu. Angejitupa kwenye njia yake, mlinzi alazimike kumzunguka. Marquell angeanza kama anakwenda kumsukuma mlinzi, kisha angempita.

Wapinzani walikuwa wameuona mchezo ule wa kulia usiku mzima. Wote waliukimbilia. Demond alianguka kama gunia, mlinzi akajikwaa juu yake. Keyon alisimama wima, hakuna aliyemkaribia, akaurusha.

Mpira ulikwenda mbali, tena kidogo mbele kuliko ilivyotakiwa. Marquell aliinuka kati ya walinzi wawili akaudaka kwa ncha za vidole, akatua, akakimbia hadi mwisho wa uwanja bila mtu nyuma yake: bao.

Uwanja wa Pruitt ulilipuka. Yule mzee wa kwa kinyozi alivua kofia. Trammell aligeuka kutazama safu ya juu.

Palikuwa na maganda ya karanga tu.

Baadaye alielezwa kwamba mtu yule aliondoka robo ya tatu ilipokwisha, kwa sababu alikuwa na mechi nyingine ya kuwahi kusini na barabara ni mbaya. Latrice alikuwa amemwona akishuka ngazi. Wakati wengine wanaruka, yeye alibaki amekaa, mkoba magotini.

"Marquell alikuja mbio na mpira mkononi, anacheka," kocha anasema. "Kisha akanifuata macho nilikokuwa natazama. Sijawahi kumwona mtu akiacha kucheka vile, pole pole, kama maji yanayokauka. Akaniwekea mpira mkononi. Akaenda kukaa."

Demond hakuona hayo. Alikuwa amelala chali pembeni ya uwanja akilia kwa furaha, anauliza kila anayepita, "Mmeniona nilivyomlalia?"

Hakuna chuo kilichopiga simu. Mwezi Mei Marquell alimaliza shule, na Juni alianza kazi kwenye kiwanda cha kambare nje ya mji, zamu ya kusimama kwenye maji baridi na kukata minofu. Hakuwa akija mazoezini. Akikutana na basi njiani, alitazama upande wa mtoni.

Mwezi Agosti kisu cha mashine kilimpitia kiganja cha kushoto. Vidole viwili vya mwisho vilishonwa lakini mshipa mmoja haukuunga. Mpaka leo havikunjiki.

Wiki mbili baada ya ajali, Latrice alifika uwanjani wakati wa mazoezi. Alitembea hadi katikati, vijana wakampisha.

"Wewe sifa yako mjini ni kupangia michezo watoto wasioweza," alimwambia kocha. "Wenye pumu, wenye magoti, wasiojua namba. Haya. Sasa na wangu yumo. Mpangie."

Trammell alivua kofia.

"Atakubali kuja, Bi Latrice?"

"Sijui. Mimi nimefanya langu."

Marquell alikuja Jumapili ya tatu baada ya hapo, mchana, akiwa bado na shati la kanisani. Hawakusalimiana sana. Kocha alimrushia mipira mifupi, naye akaiangusha, mmoja baada ya mwingine. Ule mkono wa kushoto haukufunga.

"Ungeuita Memphis robo ya kwanza," Marquell alisema, akiokota mpira. Alisema akiwa amempa kocha mgongo.

"Ndiyo."

"Ungekuwa umeona ninachokiona mimi kila siku kule kiwandani, ungeuita?"

"Sijui, mwanangu. Nilikuwa namtazama Keyon. Keyon anapumua mpaka leo. Nikikuambia najuta kumtazama, nitakuwa nakudanganya. Najuta kwamba ile njia ya Demond kuanguka sikuiona Septemba. Ilikuwepo. Sikuitafuta."

Marquell aligeuka, akamrudishia mpira. "Haya, rusha," akasema.

Tangu hapo kocha anampangia. Hamrushii tena mpira unaomjia bega la kushoto. Amemfundisha kuanzia upande wa kushoto wa uwanja tu, ili akigeuza shingo mpira uje juu ya bega la kulia, mkono wa kulia uudake na ule wa kushoto uwe ubao wa kuuegemeza. Kiganja cha kushoto kimefungwa vidole pamoja kwa plasta. Keyon, ambaye sasa yuko mwaka wa mwisho, huja kurusha mitupo mirefu kwa sababu bega la Trammell halifiki tena mbali. Demond huja kuokota.

Kati ya mipira kumi, Marquell hudaka minne. Siku njema mitano. Mwaka jana angedaka yote. Kila mtu pale anajua hivyo.

Jumapili iliyopita hakufika. Walisubiri mpaka Keyon akaanza kutazama simu yake. Kisha Latrice akampigia kocha: kiwanda kimeongeza zamu ya Jumapili, na anayekataa anaweza kukaa nyumbani moja kwa moja.

Trammell aliwarudisha vijana makwao, akaendesha hadi kiwandani na mpira kwenye kiti cha pembeni. Nilikwenda naye. Wafanyakazi walikuwa mapumzikoni, wamekaa kwenye ukingo wa saruji kwenye maegesho, aproni zimelowa, harufu ya samaki imetanda. Marquell alikuwa anakula soseji kutoka kwenye karatasi. Alipomwona kocha, alishusha macho.

"Una dakika ngapi?" kocha aliuliza.

"Kumi. Kocha, nimevaa mabuti."

Yalikuwa mabuti meupe ya mpira, yamefika magotini, mazito.

"Naona. Basi usikimbie. Tembea, geuka, daka."

Mwanamke mmoja mwenye wavu kichwani alisema kutoka ukingoni, "Kocha, na mimi nisajili. Nina miguu yote miwili mibovu."

"Njoo Jumatatu," Trammell alimjibu. "Kwenye miguu mibovu ndiko ninakoanzia."

Walicheka, hata Marquell kidogo. Kisha akafuta mikono kwenye suruali na kutembea kati ya magari, akageuka, na mpira ukamfikia kwenye bega la kulia. Aliudaka. Wa pili ulimtoka ukaingia chini ya lori. Wa tatu aliudaka. Wafanyakazi waliacha kucheka, wakawa wanatazama tu, mpaka kengele ilipolia wakasimama mmoja mmoja.

Mwezi Januari, chuo cha miaka miwili kilicho mwendo wa saa tatu kutoka Pruitt kitafanya majaribio ya wazi. Hakuna anayealikwa, anayetaka huenda. Trammell ameomba ruhusa ya siku mbili kazini na amepata mtu wa kumshikia basi. Atamwendesha Marquell mwenyewe. Anataka kuongea na kocha wa huko kabla ya zoezi, amwombe jambo moja: amweke kijana upande wa kushoto.

Nilimwuliza kama anadhani atasikilizwa.

"Yule ana wachezaji tisini, na wengine mia wanagonga mlango," alisema. "Hana sababu ya kumpangia mtu mchezo kwa ajili ya vidole viwili. Ningekuwa yeye, labda nisingefanya."

Mlango wa kiwanda ulikuwa umeshafungwa. Trammell alikuwa bado amesimama pale maegeshoni, mpira kwapani.

"Lakini nitamwomba," alisema. "Nataka mtu mmoja mwenye uwezo wa kusema ndiyo amwone akidaka. Nataka iwe kabla hajaacha kutaka. Leo bado anataka. Umemwona. Amedaka akiwa na mabuti."